Sentensi ya Pili Ubaoni

Wiki iliyopita nilikuwa nikipita uchochoro mmoja hapa Somanda, mjini Bariadi, narudi kutoka kazini, nikakutana na harufu ya michembe inayochemka pamoja na karanga. Ninyi mliokulia Usukumani mnaijua: ule utamu mzito wa viazi vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, umechanganyika na moshi wa kuni. Watu wengine wakiisikia huwakumbuka bibi zao. Mimi nilisimama katikati ya njia mpaka bodaboda akanipigia honi na kuniuliza kama nimechoka kuishi. Nina miaka thelathini na kitu, nina mtoto wangu mwenyewe, na bado michembe hunifanya hivyo. Ngoja niwasimulie sababu.

Nilikuwa darasa la saba. Tulikaa pembeni mwa mji wa Bariadi, pale nyumba zinapokwisha na mashamba ya pamba yanapoanza. Tulikuwa watatu tu: baba, mama na mimi. Baba alikuwa dereva wa lori la pamba, na msimu ukifika tulimwona kwa nadra, akishuka na nyuzi nyeupe kichwa kizima kama mzee. Mama, jina lake Ng'washi, alikuwa fundi cherehani. Sikuwa na kaka wala dada. Wenzangu shuleni walitoka katika nyumba za watoto wanane, tisa, na walikuwa wakinihurumia na kunionea wivu kwa wakati mmoja, maana nililala kitanda kizima peke yangu na sare yangu haikuwahi kuvaliwa na mtu kabla yangu.

Mgeni wetu mkubwa alikuwa mama mdogo Holo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Aliolewa Mwanhuzi na mfugaji aliyefiwa na mke wa kwanza na kuachiwa watoto watatu. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Ndivyo nilivyokuwa nikijua. Alikuja mara mbili au tatu kwa mwaka na chupa ya samli, na hakukosa kitu changu: soksi, kalamu, kitambaa cha nywele. Tukikaa kula alikuwa na tabia ya kuniangalia sana. Kila tonge nililopeleka mdomoni alilifuata kwa macho. Nilidhani watu wa Mwanhuzi ndivyo walivyo, kwa kuwa kule ni kukavu na pengine hawajazoea kuona mtu akila kwa nafasi.

Mwaka ule Kiingereza tulifundishwa na Mwalimu Rehema, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, mwenyeji wa Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kitamu mpaka tulikuwa tukicheka akitusalimia tu. Tulikuwa tumefika kwenye kubadili usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, na lilikuwa balaa. Sisi nyumbani tulizungumza Kisukuma, Kiswahili tulikutana nacho shuleni, na Kiingereza tulikiona ubaoni tu. Sasa tukaambiwa kwamba mtu akisema "I am", wewe ukiyapeleka maneno yake lazima useme "he was", na kesho yake inageuka kuwa "the following day". Doto, niliyekaa naye dawati moja, aliuliza kama hiyo siyo kumsingizia mtu.

Siku hiyo mwalimu alikifunga kitabu kwa nguvu. "Nimechoka na hawa Juma na Asha wa kwenye kitabu," alisema. "Kila siku wanakwenda sokoni! Leo mkifika nyumbani, kila mtu asikilize watu wake wanasema nini. Uandike sentensi mbili, za kweli, vilevile zilivyotoka mdomoni. Uzitafsiri kwa Kiingereza. Kesho tunazibadili ubaoni."

Nilifika nyumbani nikakuta mama mdogo Holo amekuja. Nilifurahi. Nilimwamkia kwa goti, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akaniambia nimekuwa mrefu. Kisha yeye na mama wakaingia jikoni kupika michembe. Jiko letu lilikuwa kibanda cha fito na udongo, na udongo ulikuwa umeanguka hapa na pale. Mimi nikachukua daftari, nikaenda nyuma ya kibanda kwenye kivuli, nikakaa kuwinda sentensi zangu.

Mwanzoni walizungumza mambo ya mvua na ya ng'ombe. Nikaona hayo hayafai, kila mtu darasani ataleta mvua na ng'ombe. Kisha sauti zikashuka, halafu ya Holo ikapanda peke yake.

"Nimechoka, dada. Mtoto wangu ananiita mama mdogo."

Ilikuwa sentensi nzuri mno. Ilikuwa na "mimi", ilikuwa na "wangu", vyote vya kubadilisha. Niliandika haraka. Nilidhani anawasema wale watoto wa mumewe, na nikamwonea huruma kidogo, maana kulea watoto wa mwenzio na bado wakuite mama mdogo si kitu cha kufurahisha. Kisha mama akajibu, na la mama likanipendeza zaidi kwa sababu lilikuwa na neno la wakati.

"Ngoja kwanza, mdogo wangu. Mwezi ujao anafanya mtihani wa darasa la saba."

Nikaandika na hilo. Nawaapia, sikusikia kingine. Nilikuwa nikikimbizana na tafsiri kabla maneno hayajanitoka kichwani, nikijiuliza mtihani ni "exam" au "test", na kama wakati ujao unataka "will" au "shall". Jioni tukala michembe, Holo akaniangalia nikila, nikalala kwenye kitanda changu kizima.

Asubuhi darasa lilichangamka kuliko siku zote. Mtoto mmoja alileta maneno ya babu yake aliyemwambia dume la ng'ombe kwamba halina akili. Doto alileta maneno ya baba yake ambayo mwalimu aliyafuta haraka kabla hajamaliza kuyaandika. Tulicheka mpaka darasa la jirani likatuma mtu. Ndipo mwalimu akaniita. "Limi, njoo."

Niliandika sentensi ya kwanza kwa mwandiko mzuri. Kisha chini yake nikaibadili, moja kwa moja, bila kukosea: Aunt Holo said that she was tired. Her child called her aunt.

"Safi sana," alisema mwalimu. "Mpigieni makofi." Wakapiga. "Ya pili."

Nikaandika ya mama, nikaibadili nayo: Mother told her to wait. She said that she would do her exam the following month. Nikarudi nyuma hatua moja kuitazama kazi yangu, chaki mkononi, nimejaa fahari.

"Hapo sasa," alisema Mwalimu Rehema, akaliambia darasa zima, "ndipo usemi wa taarifa unapowaponza. Hii 'she' ya katikati ni nani? Mama ndiye anayefanya mtihani? Mama mdogo? Kiswahili kina 'a' moja, Kiingereza kina 'she' moja, na hapa kuna wanawake watatu. Msomaji atapotea. Limi, ondoa hiyo 'she', weka jina la mtu."

Nikafuta. Nikaiweka chaki ubaoni niandike Masalu, jina la binti mdogo wa mume wa Holo. Mkono ukasita. Masalu alikuwa darasa la tatu. Kaka zake wawili walikwishaacha shule, walikuwa wakichunga. Nikawapitia moyoni watu wote wa nyumba ya Holo, nikawamaliza. Nikaanza kuwapitia wa upande wetu. Mtihani wa darasa la saba, mwezi ujao.

"Andika, mwanangu," alisema mwalimu. "Mtihani anafanya nani?"

Sikumbuki kuamua. Mkono uliandika L, ukaandika i, ukaandika m, na hapo chaki ikavunjika. Macho yangu yakapanda yenyewe kwenye sentensi ya juu, ile iliyopigiwa makofi. Her child called her aunt. Mtoto wake alimwita mama mdogo. Mtoto aliyekuwa akifanya mtihani. Nikaligeukia darasa lenye watoto zaidi ya themanini, nikamwona Doto amefunika mdomo kwa viganja.

Mwalimu Rehema alisoma ubao mara moja. Uso wake ulibadilika mbele yangu kama wa mtu aliyekanyaga kitu gizani. Alifika ubaoni kwa hatua mbili, akafuta kila kitu kwa mkono mtupu, bila kutafuta kitambaa.

"Mama mdogo ni mama," alisema, sauti ile kubwa ikiwa imekuwa ndogo. "Mdogo wake mama yako hukuita wewe mtoto wake. Sote tunajua. Someni ukurasa unaofuata, kimya."

Watoto wengi waliridhika, maana ni kweli ndivyo tunavyoitana. Lakini alinitoa nje akiwa amenishika mkono, nikajua kwamba yeye hajaridhika.

"Limi, haya umeyasikia wapi?"

"Nyumbani, mwalimu. Ni kazi uliyotupa."

Akafunga macho. "Nisamehe, mwanangu," alisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mwalimu akimwomba mtoto msamaha, na hilo likanitisha kuliko yote. Nikaanza kukimbia.

Nilimkuta mama barazani anashona, Holo anapembua mchele. Nilikuwa nimepanga kuuliza. Badala yake nikasimama mbele yao, nahema, nikasema kwa Kisukuma vilevile tulivyofundishwa kwa Kiingereza: "Mama mdogo alisema kwamba amechoka, kwamba mtoto wake anamwita mama mdogo. Mama akamwambia angoje, Limi anafanya mtihani mwezi ujao."

Miguu ya mama ilisimama kwenye pedali. Ungo ulimponyoka Holo, mchele ukatawanyika chini, na kuku wakaja mbio kutoka kila upande, wakala, na hakuna aliyewafukuza. Mpaka leo naweza kuwaona wale kuku.

"Nani amekwambia?" aliuliza mama.

"Ninyi."

Holo ndiye aliyesimulia, akiwa ameinamia mikono yake. Alikuwa shuleni, ana miaka kumi na sita, alipopata mimba. Aliyempa aliondoka Bariadi kabla mimba haijaonekana. Dada yake alikuwa ameolewa miaka sita bila mtoto. Mama yao, yaani bibi yangu, akaamua: mtoto akizaliwa atakuwa wa Ng'washi, na Holo ataitwa mama mdogo, na yeyote anayejua asifungue mdomo maadamu yeye bibi yu hai. Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Holo alikuja kuomba niambiwe.

"Na baada ya kuniambia?" nilimuuliza. "Unichukue?"

Mama yangu, Ng'washi, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani, alijifunika uso kwa lile gauni la mteja alilokuwa akilishona.

Nitawaambia ukweli, sikuwa mwema. Kwa wiki tatu sikumwita yeyote kati yao kwa jina lolote. Nilisema "wewe". Baba aliporudi na lori lake alikuta nyumba ya watu wasiosemeshana, akaniita kando, akaniambia neno moja tu: "Limi, mimi nilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nitazame. Mimi ni nani?" Nikasema, "Baba." Akasema, "Basi," akaenda kuoga. Nilifanya mtihani, nikafaulu. Holo hakunichukua. Alirudi Mwanhuzi, na kila likizo nilikwenda kwake, mwanzoni nikinuna, baadaye kwa kupenda. Kumwita mama ilinichukua miaka minne, na nilianza kwa bahati mbaya, nikimwomba chumvi.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba siku ile kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeumizwa, na ni mimi. Niliamini kwamba wale wawili walikuwa wakinigombea kule jikoni, mmoja anivute huku, mwingine kule.

Kisha mimi mwenyewe nikajifungua, hospitali. Ilikuwa asubuhi. Muuguzi alimbeba binti yangu, amemviringisha khanga, akamtoa mlangoni; kutoka kitandani niliweza kuiona korido. Ng'washi na Holo walikuwa wamekaa kwenye benchi, na chupa ya uji katikati yao.

"Bibi wa mtoto ni nani? Aje ampokee."

Holo alimwelekezea dada yake kidole upesi, kabla muuguzi hajafunga mdomo. Ndivyo alivyozoea, zaidi ya miaka ishirini alikuwa akisogea pembeni. Ng'washi alisimama. Alitembea hatua mbili, akasimama tena, akageuka nyuma.

"Nenda wewe," alimwambia. "Yule wa kwanza nilimchukua hata hujamwona uso vizuri."

Nilikuwa nimelala pale, nimechoka, sina nguvu hata ya kunyanyua kichwa, nikapata mshtuko wa pili wa maisha yangu. Kule jikoni hakukuwa na aliyenigombea. Mmoja alikuwa akiomba aitwe kwa jina lake, mwingine akiogopa kwamba nikilijua jina hilo sitarudi tena kulala nyumbani. Na dada mkubwa alikijua tangu siku ya kwanza kile alichokichukua.

Holo aliinuka. Aliipangusa mikono yake kwenye kitenge, mara moja, mara ya pili, kana kwamba haijawahi kuwa safi ya kutosha, akainyoosha.