Siku Niliyoitafsiri Filamu Mbele ya Mwenyewe

Hili jambo nimemficha hata mke wangu, na nyinyi mkicheka chekeni polepole maana bado linaniuma: mimi, mtu mzima na ndevu zangu, niliwahi kuanguka jukwaani Dubai mbele ya mabwana na mabibi waliopendeza kuliko maharusi, nikaiharibu filamu ya mzee mmoja wa Kimarekani, tena mwenyewe yumo ukumbini, kiti cha mbele kabisa.

Kwanza mjue nilikuwa nani kabla ya kuwa mhudumu wa hoteli. Kwetu Tanga, Ngamiani, nilikuwa mkalimani kwenye kibanda cha video. Mkanda unawekwa, sauti ya Kizungu inapunguzwa, mimi nakaa pembeni na kipaza sauti naieleza filamu kwa Kiswahili, nalia kike, nanguruma kiume, na kama kuna mbwa nabweka. (Kiingereza sikukijua. Nilikuwa natazama nyuso tu, mengine naongeza mwenyewe, na hakuna aliyewahi kulalamika.) Filamu iliyonipa jina ilikuwa ya huyo huyo mzee, ya mwanamke anayepanda treni kwenye theluji na mumewe kabaki stesheni.

Sasa miaka ile ya elfu mbili na kitu hoteli yetu ya Dubai ikapokea wageni wa tamasha la filamu, na mgeni mkubwa ni yeye. Mshereheshaji akaeleza historia yake: alianza kwa kuwaandikia waongozaji wengine, akaja kuongoza za kwake, moja ikapendwa dunia nzima, kisha zikafuata zilizokataliwa na watazamaji, halafu miaka mingi bila kupewa kazi yoyote. Alasiri ile walikuwa wanampa heshima na kuonyesha ile filamu ya treni. Nilimtazama: mzee mwembamba, anapiga makofi kwa adabu kama vile anasifiwa mtu mwingine.

Mimi nilipangiwa kukaa nyuma ya pazia na sinia la maji, filamu ikiisha nimpelekee. Fundi wa sauti, Mhindi mmoja mpole, akanipa kipaza sauti. "Brother, nishikie, naenda kuswali mara moja. Filamu ikiisha mpe sir." Ningekiweka juu ya meza, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini mkono nao una kumbukumbu zake, jamani! Nilikikamata kama zamani, kidole kikasukuma kidude cha pembeni, kitaa cha kijani kikawaka, nami nikachungulia kwenye upenyo wa pazia, nikaiona treni.

Nikaanza. Kwa kunong'ona tu, wallahi, nilidhani nasema na nafsi yangu. "Usilie mume wangu, naenda Maskati kwa dada..." Huko nyuma spika zimetupa mgongo, nasikia mvumo tu. Mara nikasikia watu wanacheka, nikajua filamu imewakolea, nami nikakolea, nikaongeza madoido, nikamtia mume kikohozi, nikampa konda wa treni sauti ya Kipemba. Sijui ni saa ngapi nilisahau kwamba niko Dubai. Nilikuwa Ngamiani, nanusa jasho la watu waliobanana kwenye mabenchi, na machozi yananitoka kweli.

Ndipo akaja mbio Njoroge, Mkenya niliyekuwa nafanya naye kazi na kulala naye chumba kimoja mtaa wa Karama. "Buda, zima hiyo mic! Ni wewe unasikika hall yote!"

Nikaruka. Kuruka kule nikakanyaga pazia, pazia likanivuta, nikatokea jukwaani kifudifudi na sinia langu, glasi zinapasuka, na nilipoinuka kivuli cha kichwa changu kikamfunika yule mwanamke wa kwenye treni, uso mzima. Filamu ikasimamishwa, taa zikawaka. Sapavaiza wetu yuko mlangoni, midomo inasema "khalas", yaani kwisha kazi, bila sauti.

Mzee akapanda jukwaani taratibu, akanishika mkono nisikanyage vigae vya glasi, akaniuliza nilikuwa nasema nini. Kiingereza changu cha "yes sir, more tea sir" kikanikauka. Akasimama mama mmoja wa Kizanzibari, Bi Moza, mkaazi wa siku nyingi wa Dubai, anafuta machozi ya kicheko. "Mwanangu, hebu nikusemee mie." Akamweleza: huyu anasema mwanamke anakwenda Maskati kwa dadake, na atarudi baada ya Idi.

Ukumbi ukaangua kicheko. Kumbe kwenye filamu yenyewe (ndiyo kwanza nilijua siku ile!) yule mwanamke anamwacha mumewe moja kwa moja, harudi ng'o.

Mzee hakucheka. "Kwako wewe anarudi?" akauliza, Bi Moza akanitafsiria.

Sikuwa tena na la kuficha. Nikamwambia kule kibandani mke wangu Mwajuma alikuwa akiuza karanga mlangoni, na kila treni ikiondoka alipaza sauti, "Atarudi?" na watu wote wananyamaza kunisubiri, nami najibu, "Atarudi!" Nikamwambia pia kwamba siku ya kuja Dubai, uwanja wa ndege, Mwajuma aliniuliza mimi kama nitarudi, kwa sauti ndogo, nikajibu ndiyo, na mpaka siku ile nilikuwa bado huku nabeba masinia.

Mzee akasema, na Bi Moza alipotafsiri hakuwa anacheka tena: "Mimi niliandika kwamba anarudi. Wenye kampuni wakasema hakuna atakayeamini, wakaikata sehemu ile. Nikagombana nao, halafu mwisho nikaamini walivyosema." Akanipa mkono, akarudi kukaa.

Msidhani wema ule uliniokoa. Kesho yake nilihamishiwa dobi, kwenye mvuke na mashuka, ambako hakuna mgeni wa kuniona, na Njoroge akakisimulia kisa changu kwa kila Mswahili wa Karama na Deira. Nikaapa kipaza sauti sishiki tena, iwe harusi, iwe maulidi, na kiapo hicho nimekishika.

Kiingereza siku hizi nakijua. Ijumaa moja filamu ile ikaonyeshwa kwenye televisheni chumbani kwetu, nikaisikiliza neno kwa neno tangu mwanzo. Ni nzuri, sikatai, ila ni ya watu nisiowajua hata mmoja.

"Vipi buda," Njoroge akanichokoza, "leo hutuambii wanasema nini?"

"Wanasema hivyo hivyo unavyosikia," nikamjibu.