Vyumba Viwili Visivyotazamana

Siku nilipopigilia ubao wenye namba yangu ya simu kwenye ukuta wa nje, niliamini kabisa kwamba watakaonipigia ni watu wanaotafuta mahali pa kulala. Nilikuwa mjane, nimeshona sare za shule kwa zaidi ya miaka ishirini mpaka macho yakagoma, na nyuma ya nyumba yangu hapa Tunduma nilikuwa nimejenga vyumba vinne vya wasafiri. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimeenea. Malori yalipanga foleni kusubiri kuvuka mpaka, na nyumba za wageni zilijaa kabla jua halijazama. Nikajisemea, mashuka masafi, maji ya moto ya kuoga, mama mtu mzima anayejiheshimu, nani atakosa kuja?

Zilianza simu, na simu zenyewe zilikuwa matusi matupu. Mmoja aliniuliza kama ninakodisha kwa saa. Nikamwambia hapa si baiskeli. Mwingine alitaka chumba cha kulaza magunia, yeye mwenyewe atalala kwingine. Nilipouliza magunia ya nini, akakata simu. Kuna mmoja wa upande wa pili, wa Nakonde, aliyeanza kwa adabu zote, "Mulishani, bamayo," yaani hujambo mama kwa lugha ya kwao, nami nikayeyuka, kumbe alichotaka kujua ni kama ukuta wangu wa nyuma una mlango. Mlango wa kwenda wapi? Nyuma ya ukuta wangu kuna uchochoro, na ukiufuata uchochoro ule dakika chache tu uko Zambia, hujaonana na mtu wa uhamiaji wala wa forodha. Yeye alilijua hilo. Mimi mwenye nyumba ndiye nilikuwa sijalifikiria.

Nilikasirika, na hasira ikanifanya niweke sheria. Kila mgeni ataje jina lake kwa mdomo wake mwenyewe, mbele yangu, nami niliandike kwa mkono wangu kwenye daftari la wageni: jina, kabila, atokako, aendako. Si kutajiwa na mwenzake. Kuna bwana mmoja alitaka kumsemea mkewe, nikamwambia, "Baba, nyamaza kidogo, mama naye ana mdomo." Watu wawili watatu walinuna, wakabeba mabegi yao wakaondoka. Waende. Nilijiona nimeshakuwa mjanja wa mpakani, hakuna wa kunipiga changa la macho.

Ndipo akapiga yule mzee.

Alipiga mchana, nikiwa naanika mashuka. Alinisalimu kwa Kiswahili, nikaitikia, na sijui alisikia nini katika matamshi yangu, maana palepale alihamia kwenye Kindali. Mimi ni mzaliwa wa milima ya Ileje, mbele ya Itumba. Mjini hapa lugha yangu naisikia kwa nadra, na nikiisikia moyo unafunguka wenyewe. Akasema yuko Nanyala anasubiri basi, anamsindikiza mke wa mwanawe kwa mumewe anayefanya kazi ng'ambo. Alitaka vyumba viwili, visivyotazamana. Binti ataingia kwanza, akishajifungia ndani ndipo yeye mzee aingie.

"Na jina lake, mama, usinitajishe," akasema. "Wewe unajua mambo ya nyumbani. Ni mkwe wangu."

Nilijua sana. Kwetu milimani mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Mimi nilipoolewa, nikimwona baba mkwe wangu anakuja njiani nilikuwa naingia kwenye mahindi, nampa mgongo mpaka apite. Chakula chake alikipeleka wifi yangu. Jina lake sikulitaja hata alipokufa, na uso wake niliuona vizuri kwa mara ya kwanza siku tunamzika. Vijana wa leo wanaona ni kichekesho. Mimi heshima ile niliishika kwa miaka, ilinichosha na ilinilea, na mtu akiitaja mbele yangu nasimama wima. Basi ile sheria yangu niliyoitangazia dunia nzima ikafa kwenye simu, na niliiua kwa furaha.

Binti alifika jioni, peke yake getini, na kifurushi kidogo na kanga kichwani. Mzee alibaki kule kwenye kona ya barabara, ametupa mgongo, kama inavyotakiwa. Nilimkaribisha. Akaniamkia kwa sauti ambayo nusura nisiisikie, macho chini. Nilipompa kikombe cha maji alikipokea kwa mikono miwili, akanywa yote bila kuinua kichwa. Nikasema moyoni, huyu kalelewa huyu. Sikumuuliza jina. Kwenye daftari, chini ya jina la mzee, niliandika "mke wa mwana" kwa mwandiko wangu mzuri, nikafunga. Na kama hiyo haitoshi, nikavuka kwenda kwa jirani yangu anayekaanga maandazi kumsimulia kwamba mabinti wenye haya bado wapo.

Mzee alipoingia, tulikaa uani tukanywa chai. Tulizungumza Kindali mpaka koo likakauka: mahindi, ukungu wa asubuhi, vilima tunavyovijua wote. Alikuwa mcheshi, na mimi nilikuwa nimekaa na kiu ya kucheka kwa lugha yangu. Tulicheka sana. Yule binti alikuwa chumbani kwake, dirisha wazi.

Asubuhi nilikuwa naosha vyombo. Mzee amekaa kwenye kigoda karibu na bomba, ananawa uso. Binti akatoka bafuni. Nikangoja arudi ndani haraka, au mzee ainuke ampishe. Hakuna aliyejali. Binti alipita karibu naye mpaka kanga ikamgusa goti, na mzee, bila hata kuinua macho, akanyoosha mkono akamsimamisha, akamtoa uzi wa blanketi kwenye nywele. Kisha akaacha kiganja kizima juu ya kichwa chake, ametulia nacho, kama mtu anayeshika mzigo wake ili usianguke.

Niligeuza uso mimi. Miaka yote ile imepita, na mwili wangu ulijigeuza wenyewe kwa aibu ambayo wao wawili hawakuwa nayo. Halafu damu ikanichemka. Mtu huyu alikuwa amechukua kitu nilichokitii tangu ujana wangu, akakifanya ufunguo wa kufungulia geti langu.

Nilimsubiri atoke kununua vocha, nikaingia chumbani kwa binti. Nilianza kwa Kindali. Alinitazama tu, haelewi hata neno. Nikahamia Kiswahili.

"Mume wako anaitwa nani?"

Alitazama dirisha, akanitazama mimi. "Hajaniambia bado."

"Nani hajakuambia?"

"Huyu baba. Kasema atanitajia tukishavuka."

Maneno mengine niliyavuta moja moja. Kwao ni Msangano, kule bondeni, kwa wafugaji waliohamia na ng'ombe zao. Darasa la saba alikuwa amemaliza mwaka uliotangulia. Mzee alifika kijijini na maneno matamu, akawaambia wazazi wake anampeleka Tunduma kujifunza cherehani. Cherehani! Na mimi ya kwangu ilikuwa imefunikwa kitambaa hatua kumi kutoka pale alipokaa. Ni njiani tu ndipo alipoambiwa kwamba atakuwa mke wa mtu, na kwamba akiulizwa lolote ainamishe kichwa. Aliinamisha. Nami nilikisifia kichwa kile kwa majirani.

Mzee aliporudi alinikuta nimesimama katikati ya geti. Alisoma uso wangu mara moja, akaanza kwa Kindali, polepole, kama anambembeleza mtoto. "Mama, usinivunjie heshima mbele za watu. Sisi ni wa nyumbani."

Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo mtaa mzima uisikie. "Heshima gani? Mkwe unamshika kichwa? Nyumbani kwenu ni wapi huko wanakoshika wakwe vichwa?"

Jirani wa maandazi alitoka na upawa wake unaochuruzika mafuta, akasimama ubavuni mwangu bila kuuliza kitu. Wengine wakasogea. Mzee akatabasamu, akasema anakwenda kuchukua barua ya mume wa binti kwa rafiki yake, arudi kutuonyesha. Akaondoka anatembea, mikono mfukoni. Hakukimbia hata kidogo, na kutokukimbia kwake kuliniudhi kuliko uongo wote. Ni mtu anayejua kwamba hakuna atakayemfuata, na kweli hakuna aliyemfuata.

Mwenyekiti wa mtaa alipofika aliomba daftari. Akasoma, akakuna kidevu.

"Mama, hapa pameandikwa mke wa mwana. Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Sasa unamlalamikia nani? Na binti si huyu hapa, mzima? Basi."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinisamehe, akasema ni uchovu. Mimi sijamsamehe. Lakini kilichoniuma ni kwamba kuhusu mwandiko hakusema uongo.

Binti alikuwa amekariri namba ya mwenye duka wa kijijini kwao. Tukapiga, wakaitwa wazazi. Mama yake alilia mpaka simu ikakatika. Baba yake alisema tumpandishe gari tu, atafika. Tumpandishe tu! Baada ya yote yale nimwachie kondakta nisiyemjua? Nilifunga vyumba vyote vinne, nikamwambia jirani kwamba atakayepiga hodi amwambie mwenyewe kasafiri, nikamshika binti mkono tukaenda stendi.

Gari la Msangano lilikuwa halijajaa. Tulikaa kwenye benchi, nikamnunulia chai na chapati, akala kwa pupa ya mtu ambaye hajala vizuri siku mbili. Mimi nilikuwa bado nawaka. Nilimkasirikia mzee, nikamkasirikia mwenyekiti na baba mtu, na nilipowamaliza wote hasira ikanigeukia mimi, na kwangu sikutaka ikae. Nikaisukumia kwa mtoto.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza, na sauti ilinitoka kali. "Nilikuletea maji. Nilikuletea chakula. Nimegonga mlango wako mara tatu, niko peke yangu, mama mtu mzima. Ungeninong'oneza tu neno moja."

Alimeza chapati kwanza. Hakuwa na kinyongo. Alinieleza kama unavyomweleza mtu asiyejua njia.

"Nilidhani ndiye wewe niliyeletwa kwako," akasema. "Mlikuwa mnaongea lugha yenu, mnacheka. Nikajua mmeshaelewana."

Kondakta akaita watu wa Msangano. Nilibeba kifurushi chake, nikapanda nyuma yake.