Kitabu Kilichokwenda Butiama

Naikumbuka Jumatatu moja, mwanangu, nimesimama ndani ya maktaba ya chuo cha uuguzi pale Musoma, naitazama rafu tupu. Ijumaa rafu hiyo ilikuwa imejaa vitabu vya mifugo. Nyuma yake nilikuwa nimeficha kitabu cha ukunga, nakala moja tu iliyokuwepo chuo kizima, na mtihani ulikuwa Alhamisi.

Ngoja nianze mwanzo, maana Jumapili uliponiuliza swali lako nilijifanya nageuza sato kwenye kikaango ili nisikujibu haraka. Umewaandikia wanafunzi wako wa Bunda kitabu cha kumhudumia mama na mtoto. Ni kizuri, nimekisoma chote kwa miwani yangu hii iliyofungwa uzi. Sasa mwenye duka la kutoa kopi pale mtaani Iringo anataka umpe yeye peke yake, akiuze, mgawane faida. Mwalimu mwenzako anakwambia ukiweke kwenye mtandao, kila mtu akichukue bure. Jibu langu lina safari ndani yake, kwa hiyo nivumilie.

Mimi nilifika chuoni kutoka Majita na sanduku la bati lililonuka dagaa, maana lilikaa mtumbwini na mzigo wa baba. Kununua kitabu kile lilikuwa jambo la kuchekesha. Hakuna msichana hata mmoja bwenini aliyekuwa nacho. Kilisomwa mle mle maktabani, mbele ya macho ya mkutubi wetu, Mzee Magesa, mtu mrefu mpole aliyefuta vumbi kwenye vitabu kwa shati lake kuukuu alilolifanya tambara. Anayewahi ndiye anayesoma, na aliyewahi kila siku alikuwa Zuhura.

Ndiyo, wajina wako. Nitafika huko.

Zuhura alikuwa binti wa fundi cherehani wa Bunda, na kitanda chake kilipakana na changu. Mtihani wa kwanza wa ukunga alikuwa ameanguka, na aliambiwa wazi kwamba akianguka tena anafungasha virago. Basi akishaswali alfajiri hakurudi kulala. Alikwenda kukaa mlangoni mwa maktaba kusubiri ifunguliwe. Mimi nilikuwa nauchapa usingizi, nafika saa tatu, namkuta amekikumbatia. Nilimwonea wivu, sifichi. Nikajiambia kwamba ananionea, wakati aliyekuwa akinionea ni usingizi wangu mwenyewe.

Ijumaa ile Mzee Magesa alipotoka kwenda kunywa chai, nilikichukua kitabu nikakisokomeza nyuma ya vitabu vya mifugo. Nilijiona mjanja kweli. Nani kwenye chuo cha wauguzi atakwenda kusoma habari za kupe? Nia yangu ilikuwa nije Jumatatu, nijibanze kona ile, nisome peke yangu mpaka siku ya mtihani. Jumamosi asubuhi nilimkuta Zuhura akipekua rafu moja baada ya nyingine. Akaniuliza kama nimekiona. Nikamwambia sijakiona, tena namtazama usoni. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kuliko hata kule kuficha.

Jumatatu ndiyo ile niliyokuambia. Nikamwendea Mzee Magesa nikajifanya nauliza tu.

"Shikamoo mzee. Vile vitabu vya ng'ombe viko wapi?"

"Marahaba. Bwana mifugo wa Butiama amevibeba Jumamosi mchana, vilikuwa vinakaaga bure hapa. Kwani wewe tangu lini unasomaga habari ya ng'ombe?"

Nikaangua kilio pale pale, na nikiwa nalia nikamwambia yote. Nilitegemea anipeleke kwa mkuu wa chuo. Yeye alikunja lile shati lake la vumbi, akaliweka mezani, akasema taratibu, "Binti, hicho kitabu hakikuwa cha Zuhura, na cha kwako pia hakikuwa. Kuna mama mmoja humjui, siku moja atakuja kujifungua mbele yenu. Umemfichia huyo."

Akatoa nauli mfukoni mwake. "Nenda ukamwambie mwenzako kwa mdomo wako mwenyewe. Halafu muende Butiama wote wawili."

Nilimkuta Zuhura bombani anafua sare. Nilipomaliza kusema aliniinulia macho, mikono imejaa povu. "Yaani uliniangalia hivi hivi, ukaniambia hujakiona?" Nikaitikia kwa kichwa. Akakamua nguo, akaianika, akasema, "Vaa viatu twende." Njia nzima mpaka Butiama hakunisemesha neno.

Tulimkuta bwana mifugo ofisini kwake, amevaa buti za mpira, na kitabu chetu kiko wazi mezani. Alikuwa ananakili picha nyuma ya fomu ya chanjo ya ng'ombe, ulimi umemtoka kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hiki siwapi kwanza, sijamaliza," alisema tulipokiulizia, kabla hatujakaa. "Angalia hii, mtoto ametanguliza makalio. Ndama naye anakaaga hivi hivi! Ila hapa wameandika usivute. Sisi huku tunavutaga, watu wanne na kamba."

Zuhura akacheka. Hakupenda kucheka siku ile, lakini kicheko kilimponyoka, na mimi kikaniambukiza. Kisha bwana mifugo akaanza kumuuliza maneno yaliyomshinda, na Zuhura akamweleza ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili chepesi, bila hata kukiangalia kitabu. Nilikaa kwenye benchi na glasi yangu ya maziwa mgando, nikiona jambo ambalo sikuwa nimelijua: kila alipomfundisha yule bwana, yeye mwenyewe alizidi kuelewa. Na kitabu nilichokificha kati ya vitabu vya ng'ombe kilikuwa kimempata msomaji hata huko, mtu ambaye aliyekiandika hakumfikiria kabisa.

Tulipokuwa tunarudi, kitabu kiko mkononi mwake, ndipo Zuhura akanisemesha. "Mpaka Alhamisi bado kuna siku. Wewe utasoma kwa sauti, mimi nitasikiliza, halafu tunabadilishana. Ila ukinidanganya tena, nitakudunga sindano butu, wallahi."

Wenzetu wakasikia sauti maktabani, wakaja mmoja mmoja, mpaka viti vikaisha. Mtihani ulipopita, Mzee Magesa alileta madaftari, akatoa amri: kila atakayesoma kitabu kile anakili sura moja kwa mwandiko unaosomeka, aiache mezani. Haukupita muda tukawa na nakala mbili nzima za mkono. Msichana mmoja wa Tarime akaongeza pembeni maneno ya Kikurya ya kumweleza mama mwenye uchungu, mimi nikaongeza ya Kijita. Vitabu vyetu vya daftari vikawa vinatufaa kuliko kile cha dukani.

Zuhura alifaulu, tena alinipita. Aliajiriwa zahanati moja nje ya Bunda, na mimi nikabaki Musoma, nikaolewa na baba yako. Siku moja nimekwenda kumtembelea, mimba yangu bado wiki kadhaa, uchungu ukanikamata kabla hata ya chai. Daktari alikuwa mbali na gari halikuwepo. Zuhura akanipima, uso wake ukabadilika. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio.

Niliogopa, mwanangu. Nimezalisha wanawake wengi baadaye, lakini siku ile nilikuwa msichana anayelia mama yake. Katikati ya maumivu nilimsikia Zuhura akijisemea polepole, "Usivute, Zuhura. Usivute." Akasubiri kama kitabu kilivyosema, mikono yake tayari, mpaka mtoto akashuka mwenyewe. Kisha akapiga kilio kilichowainua watu waliokaa nje kwenye mabenchi.

Mtoto huyo ni wewe. Sasa unajua kwa nini nyumbani kwetu, kwa mzee wa kanisa, kuna binti anaitwa Zuhura, na kwa nini baba yako, watu walipomhoji, alikuwa akicheka tu. Yule mama asiyejulikana ambaye Mzee Magesa alinitajia, niliyemfichia kitabu, alikuwa mimi.

Basi, shauri langu ni hili. Usimpe mwenye duka peke yake. Kiweke mahali ambapo kila mwanafunzi atakifikia. Sisi tulinakili kitabu cha mtu bila kumwomba, kwa shida tuliyokuwa nayo. Wewe una bahati kwamba ni wako, ruhusa ni yako kuitoa. Iandike ukurasa wa mbele, kwa Kiswahili kinachoeleweka: chukua, nakili, wape wengine, tafsiri, ongeza ya kwenu, ila utaje jina la aliyeandika na useme ulichobadilisha. Kuna leseni huria zilizokwisha kuandikwa vizuri kwa kazi hiyo, mwenzako wa chuoni atakuonyesha. Wapo wenye simu za kitochi tu na wapo wasio na bando, kwa hiyo chapisha nakala chache zikae maktabani, na faili liwe jepesi la kurushiana. Yule wa Iringo naye usimnunie, atoe kopi kama wengine, alipwe karatasi yake na wino wake.

Na jasho lako pia nalijua. Ulikonda ukiandika kile kitabu. Nenda kwa mkuu wako udai wakupunguzie vipindi au wakulipe saa za kuandika, tena udai bila aibu. Ila usimtoze binti wa fundi cherehani. Na msichana fulani akikuandikia kwamba umekosea ukurasa wa kumi, usinune kama unavyonuniaga chumvi yangu. Mshukuru, urekebishe.

Zuhura mkubwa amestaafu, yuko Bunda, mpelekee nakala ya kwanza, na umsomee ile sura ya mtoto aliyetanguliza makalio, macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Mungu aibariki mikono yako iliyoandika, awabariki na wale usiowajua watakaofungua kurasa zako. Na siku yako ya shida ikifika, mwanangu, akukutanishe na mtu aliyesoma.