Kiti cha Inchi Kumi na Tisa

Shangazi yangu aliingia wodini na futi kamba shingoni. Muuguzi akamwambia avue kila kitu. Alivua vyote, futi akabaki nayo.

"Mama, kesho unawekewa nyonga mpya. Hiyo ya nini?"

"Mwanangu, wewe una sindano zako, mimi nina futi yangu."

Miaka thelathini na sita ameshona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga, mpaka nyonga ya kulia ikasagika. Mwanawe mkubwa, tunayemwita Meneja kwa kupenda kutoa amri, alikuwa ameshakata shauri kwamba cherehani iondoke nyumbani. "Mama amechoka," alisema mbele yake, kana kwamba mwenyewe hayupo. Nilitamani kumzaba kofi.

"Nikishindwa kuinuka kitini mwenyewe, ichukue," Shangazi akamjibu. Wakapeana wiki nane.

Baada ya upasuaji, daktari wa mazoezi alimwonya asikalie kiti kifupi. Magoti yakipanda juu ya nyonga, kiungo kipya kinaweza kuchomoka. Shangazi akapima kiti cha wodini: inchi kumi na tisa. Chake cha kushonea kilikuwa na kumi na nne. Akanituma kwa seremala.

Seremala, kwa wema wake, aliinua kiti, kisha akaipandisha na cherehani nzima, kanyagio na vyote, juu ya vigogo vya inchi tano. Shangazi aliporudi akakaa, akaweka miguu, magoti yakawa juu vilevile.

"Fundi, umenipandisha ghorofani, na sakafu umekuja nayo!"

Seremala alicheka mpaka akashika ukuta. Akatoa vigogo, akainua meza peke yake, akafunga mkanda mrefu zaidi kwenye gurudumu. Mguu wa kushoto ukajifunza kukanyaga peke yake.

Mazoezi yalimuuma. Alilia, sitaficha. Alilia huku akihesabu, na akipoteza hesabu alianza upya.

Wiki ya nane Meneja akaja na wapagazi wawili. Shangazi alikuwa anamalizia kola. Akakata uzi, akatanguliza mguu uliopasuliwa. Nikanyoosha mkono nimshike kwapa. Alinitazama mara moja tu, nikaurudisha. Akainuka. Polepole, jasho likimtiririka, lakini akainuka. Akavuta futi shingoni.

"Njoo nikupime."

"Mama, sikuja kushonesha."

"Najua ulichokujia. Nyoosha mabega."

Akanyoosha. Baba wa watoto watatu, akanyoosha mabega na kuachia tumbo kama alivyofundishwa utotoni, wapagazi wakimtazama. Shangazi akampima kifua, mkono, kiuno.

"Kiuno kimeongezeka inchi mbili," akaniambia. "Andika."

Kisha akawageukia wapagazi.

"Na nyinyi pangeni mstari."