Mguu Wangu Unajua Breki Hazishiki

Admin, nifichie jina kabisa, maana mume wangu naye hupita hapa kusoma visa vya wenzake na kucheka. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto watatu, tunaishi Kaloleni hapa Voi. Ndoa yangu haina shida ya pombe wala wanawake. Shida yangu ina magurudumu manne.

Mume wangu alirithi kwa marehemu baba yake pikapu kubwa ya zamani, ile yenye turubai na mabenchi mawili nyuma. Mita ya kilomita ilichoka kuhesabu ikasimama kabla mimi sijaolewa. Gari hilo limebeba maharusi na maiti wa ukoo wao, na yeye ameapa fundi wa nje hataligusa. Oili anabadilisha mwenyewe, springi anafunga mwenyewe, na gia boksi aliwahi kuishusha uani ikakaa chini ya kamba yangu ya nguo mpaka kuku wakaizoea. Majirani hunitania kwamba mimi ndiye mke mdogo, gari ndilo mke mkubwa. Nacheka nao, maana ni kweli.

Kazi yangu mimi ni breki. Akitaka kutoa hewa kwenye mapaipu ya breki, yeye hulala chini ya gari nami huketi kwenye usukani. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Nimefanya hivyo tangu tuoane, kwa hiyo mguu wangu unaijua ile pedali kuliko unavyojua viatu vyangu. Breki zikiwa nzima, inafika katikati na kuwa ngumu.

Juzi tulikuwa tunateremka kutoka Wusi na magunia ya kabichi. Kwenye kona za kushukia Mwatate nikasikia harufu ya kuungua, nikamwona anakanyaga, anakanyaga tena, gari haliitikii. Akaingiza gia ya chini, injini ikalia, akaligongesha gari makusudi kwenye ukingo wa udongo kando ya shamba la migomba ndipo likasimama. Nilishuka nikakaa chini. Yeye alicheka. "Unaona? Gari ni gia, breki ni mapambo," akaniambia. Lakini njia yote iliyobaki aliteremka kwa gia ya kwanza, polepole kuliko watembea kwa miguu.

Nyumbani alikuta gurudumu moja la nyuma linavuja mafuta ya breki. Spea za gari hilo siku hizi ni adimu, basi alikata paipu inayopeleka mafuta kwenye gurudumu hilo, akaikunja ncha, akaiponda kwa nyundo mpaka ikaziba. Eti baba yake aliwahi kufanya hivyo njiani wakati wa mvua na akafika salama. Jamani, kujifikisha nyumbani mara moja ni jambo moja, kubeba watu ni jambo lingine.

Tukatoa hewa. Nilikanyaga, pedali ikawa ngumu vizuri. Nikaishikilia kama alivyoniagiza, na ikaanza kuzama polepole chini ya mguu wangu mpaka ikagusa sakafu.

"Baba watoto, inazama."

"Ni hewa imebaki."

"Si tumetoa hewa mpaka ikaisha? Hii haishiki."

Akatoka chini ya gari akijifuta mikono kwa kitambaa. "Wewe unaijua hii gari kuliko mimi? Kazi yako ni kukanyaga. Mambo ya huku chini wachia mimi."

Sasa Jumamosi hii binamu yangu anaolewa kule Wusi, na mume wangu ameahidi kubeba watu wa kwetu kutoka Voi, awapandishe asubuhi na kuwateremsha jioni. Akina mama wa kanisa pamoja na watoto wote watakaa nyuma chini ya turubai. Mama yangu mzazi ametengewa kiti cha mbele, heshima ya mama mkwe. Nimemsihi mume wangu tukodi gari, amesema nataka kumwaibisha mbele ya wakwe zake. Nilipomtajia fundi wa stendi alinuna akalala bila kula. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hawa watakaopanda naye hawajui hata kama kuna ugonjwa.

Nikitangaza, nitakuwa nimemvua nguo mume wangu mbele ya ukoo wangu wote, na sijui kama kuna ndoa itakayobaki. Nikinyamaza, naogopa hata kulimaliza hilo wazo.

Leo mchana woga ulinizidi. Nilimpigia mama simu nikamdanganya kwamba pale mbele joto la injini litamchoma miguu, afadhali apande gari la abiria. Mama hakubisha.

"Sawa mwanangu," akasema. "Hata ni vizuri. Hicho kiti nitampatia mke wa ndugu yako. Si unajua mimba imekuwa kubwa, huko nyuma atateseka."

Nikamjibu, "Sawa mama," nikakata simu. Ndugu zangu, Jumamosi imefika mlangoni. Nishaurini haraka, nifanye nini?