Chumba Kilichochangamka

Fundi mizani alikuwa na maneno mengi kuhusu vyumba vya hoteli, na ukimpa nafasi angekueleza yote mpaka chai yako ipoe. Kazi yake ilikuwa kuzunguka miji akirekebisha mizani: za mabucha, za maghala ya nafaka, na yale madude makubwa ya kupimia malori. Kwa kazi hiyo alikuwa amelala ugenini mara nyingi kuliko alivyolala kwake, na hakuna kitanda alichokiamini kwa kuambiwa.

Mizani ya jukwaa hupimwa kwa kuweka jiwe la kupimia kwenye kila pembe, kisha katikati, ijulikane kama inadanganya upande wowote. Basi na kitanda alikifanyia vivyo hivyo. Akiingia chumbani alikaa pembe ya kwanza, akatulia, akahamia ya pili, akazunguka mpaka akazimaliza, halafu akajilaza katikati na miguu ikining'inia nje, huku mhudumu amesimama mlangoni na funguo, hajui acheke au amwite meneja. Kitanda kikilia pembe moja, alikikataa. Baada ya hapo aligonga ukuta kujua kama ni tofali au mbao tupu, akatega sikio darini asije akawekwa chini ya tangi la maji. Kwenye hoteli zilizomzoea walimwita Mkaguzi. Yalikuwepo na majina mengine aliyopewa akishatoka, lakini hayo hayakumfikia.

Aliijua pia lugha ya mapokezi, ambayo ni Kiswahili, ila si kile unachokijua wewe. Ukiambiwa chumba kina hewa ya kutosha, maana yake dirisha halifungi. Kimetulia, ujue taa imeungua. Cha kifamilia, basi kuna godoro la pili limesukumizwa chini ya kitanda na utajikwaa nalo. Na ukisikia chumba kimechangamka, chukua begi lako uondoke, maana kiko juu ya baa, au juu ya barabara, au wamekujalia vyote viwili.

Yeye alichokitaka ni kimya. Mtu anayeshinda kutwa kwenye vishindo vya maghala, jioni anataka chumba kisichosema neno. Akikipata alilala fofofo, na akirudi nyumbani kitu cha kwanza kumsimulia mkewe kilikuwa hicho: mlango ulivyofunga vizuri, pazia lilivyokuwa zito, na yeye alivyolala kama gogo. Mkewe alimsikiliza huku akimenya viazi, akasema haya.

Umri wa kustaafu ulipofika, kampuni ilimwomba aendelee kuzunguka taratibu, awafundishe mafundi wapya. Watoto walishaoa na kuolewa, nyumba imebaki na watu wawili na viti vingi. Fundi akasema hatoki tena peke yake, kama ni kwenda atakwenda na mkewe. Usione kwamba alikuwa anajionyesha. Kazi aliipenda, mke alimpenda, na kwa mara ya kwanza maishani aliona anaweza kuwa na vyote pamoja.

Mkewe hakuwa amewahi kulala hotelini hata siku moja. Aliwaza kwa siku kadhaa, akaja na jibu: atajaribu safari moja tu, na akikosa usingizi anarudi kwake, na habari ya safari isizungumzwe tena. Mama huyu si mwenye maneno mengi, lakini akishasema amesema. Kwa hiyo fundi alijua chumba hicho kimoja ndicho kitakachoamua. Akikosea, ama aiage kazi, ama aagane na mkewe mlangoni kama miaka yote, na hakuna alichoweza kukiaga kwa moyo mweupe.

Walifika mchana kwenye hoteli ya ghorofa, upande wa pili wa barabara kukiwa na karakana ya mageti na kituo cha mabasi. Binti wa mapokezi aliwaamkia, akawaambia kuna chumba cha nyuma ghorofa ya juu, na kuna cha mbele, hicho kimechangamka. Fundi alimnyooshea mkono kama anayesimamisha lori, akaomba ufunguo wa kile cha nyuma. Alimwacha mkewe kwenye kiti karibu na mlango wa nje, akae na mizigo.

Chumba hicho, nakwambia, alikuwa akikitafuta ujana wake wote. Kitanda kilikubali pembe zote bila kunung'unika. Ukuta mnene, dirisha linatazama ua usio na mtu, zulia la ukumbini linameza nyayo. Ukifunga mlango, mji mzima unakufa. Akauliza kama chumba cha jirani kina mtu, akaambiwa hakina, akashuka kumfuata mkewe akiwa na furaha ya bwana harusi. Alimwonyesha swichi, akamwonyesha bomba la maji moto, akamkunjulia shuka kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akamwambia apumzike, akaenda jikoni mwa hoteli kutafuta maji ya kunywa, huku moyoni anajipa hongera.

Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu na begi la mkewe halipo.

Alizishuka ngazi mbiombio, umri wake ukimlalamikia magotini, akamkuta kwenye kile kiti cha mlangoni, begi mapajani, anatazama barabara. Wapiga debe walikuwa wanagombania abiria mmoja, na mchomelea mageti alikuwa anakata chuma. Uso wa mama ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo lililomtisha fundi. Alidhani ameshaamua kuondoka na anangoja basi tu. Akamuuliza kama ameona kunguni, kama godoro ni gumu, kama shuka zinanuka. Akajibiwa hapana, vyote vizuri.

"Sasa ni nini, mama watoto?"

"Kimenyamaza mno," mkewe akasema. "Kimenyamaza kama nyumba yetu ukiwa umesafiri."

Fundi aliiweka chupa ya maji sakafuni, akakosa pa kuweka mikono. Mkewe akamweleza bila hasira, macho yakiwa barabarani. Akamwambia kwamba miaka ile yote alikuwa analala na redio imefunguliwa, si kwamba anaisikiliza, ni ili ndani kuwe na sauti ya mtu mzima. Geti la jirani likilia alidhani ni yeye amerudi. Mwanzoni alikuwa analia. Baadaye akazoea kukaa macho, kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana, akatembea nacho.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini, uache kazi, watoto wale nini? Ulikuwa unarudi unanisimulia ulivyolala vizuri. Nikasema haya, walau mmoja wetu amelala."

Aibu ilimshika fundi mwili mzima. Alitaka kusema samahani, lakini aliona ni neno dogo mno kwa kazi hiyo. Mkewe hakumngoja. Aliinuka na begi lake, akaenda mwenyewe mapokezi.

"Binti yangu, kile ulichosema kimechangamka, bado kipo?"

Kilikuwepo, tena kilikuwa juu ya mlango wa mbele kabisa, na madirisha mawili yanayotazama barabara. Kitanda kilipiga kelele kabla hata hujakikalia. Ukuta ulikuwa wa mbao, na upande wa pili mtu alikuwa anaongea na simu kuhusu kuku wake. Fundi alivisikia vyote, akaweka mizigo chini. Mkewe alivua viatu, akajinyoosha, akavuta pumzi ndefu.

"Kutoka hapa tunakwenda mji gani?" akauliza.

Fundi akaanza kumweleza, barabara inavyopita, mto ulipo, maghala yalivyo mengi huko. Hakufika hata kwenye jina la mji. Mama alikuwa ameshalala, mdomo wazi kidogo, mchana kweupe, na msumeno wa chuma unalia palepale chini.

Fundi akavuta kiti, akakaa kumtazama. Haukupita muda, gari la matangazo likasimama chini ya dirisha hasa, likaanza kunadi dawa ya panya kwa kipaza sauti. Akainuka haraka kufunga dirisha. Mkono ukiwa kwenye komeo, akageuka kitandani. Mkewe hakuwa ametikisika hata kope.

Akaliachia lile komeo, akaenda akafungua na dirisha la pili.