Kicheko Kilichokataa Kuhama

Fundi wa kompyuta kutoka Cibitoke hunawa mikono kabla ya kugusa mashine, kisha hutundika leso yake juu ya kioo, maana anajua yanayoweza kuchomoza humo. Kwa Madame Irène, mjane wa mtaa wa Gihosha, aliyekuwa akichomoza ni msichana wa kuchorwa mwenye chupi tu, akiangua kicheko sebuleni bila kuitwa. Na mchana huo, mapema kwa sababu ya kafyu, wazazi wa mchumba wa bintiye walikuwa njiani. "Huyu hakukuya peke yake, Madame," fundi alinong'ona. "Iko na bakwe." Bakwe ni wakwe, wale wanaokuja kuposa; ndivyo anavyoziita programu ndogondogo zinazojificha nyuma ya ile kubwa ya msichana na kuirudisha kila mashine ikiwashwa. Hufuta, huzima, huwasha, hutega sikio, hurudia.

Akiifikia ya mwisho hupaza sauti bila kujijua. "Bakwe wote inje! Natoa na mizizi!" Mchana huo wageni walikuwa tayari wamesimama mlangoni. Madame Irène alitamani ardhi ipasuke. Fundi akaruka, leso ikaanguka, na msichana akaangua kicheko kimoja kirefu ndipo akafutika. Baba wa mchumba akachangamka: "Ee! Hata kompyuta ya kwetu inachekaka vile vile!" Mkewe akamgeukia polepole. "Baba Valéry, we ulinisemea ni redio." Madame Irène ndiye aliyeanza kucheka, akashika ukuta. Fundi akaokota leso, akauliza kwao ni wapi, akaomba tena maji ya kunawa.